Samaki chini, lenga-lenga juu



Kwenye kikao cha mwezi uliopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa Dilala alisimama akauliza mbele ya wote: "Na ule mradi wenu wa samaki uliishia wapi? Tulisikia walikufa." Watu wakacheka. Sisi tuliokuwa ndani ya mradi hatukucheka sana, maana ni kweli walikufa, tena mara mbili. Lakini leo wapo hai, na Jumapili iliyopita tulikula wanne pamoja na bukari na lenga-lenga zilizoota juu ya maji yao. Basi tumeombwa tueleze yote humu: jinsi ya kujenga, jinsi ya kutunza, na hasa kile kilichoua samaki wetu, kwa sababu hapa Kolwezi kinaweza kuua na wa kwako.

Kwanza tuseme kwa nini tulihangaika. Mji wetu unakula kwa njia ya shimo zaidi kuliko kwa njia ya jembe. Tunakumbuka Kasulo, mwaka 2014, mtu alipochimba ndani ya parseli yake akakuta kobalti. Haukupita muda mrefu kila nyumba ikawa na shimo lake, nyingine hata chini ya sakafu ya sebule. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji wa pale, pamoja na vumbi la ndani ya nyumba. Matokeo yalitolewa 2018. Waliokaa katikati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa karibu usiochimbwa, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Utafiti mwingine uliotangulia, wa 2014, humu humu Katanga, ulionyesha madini hayo yanapopitia: vumbi, kwa watoto wanaocheza chini, na chakula, hasa mboga na unga wa mahali palipochafuka.

Mama akisikia hivyo afanye nini? Kuhama hawezi. Fungu la lenga-lenga sokoni halina jina la shamba lililotoka, na muuzaji naye ana watoto wa kulisha, hatuwezi kumlaumu. Samaki wa ziwa Nzilo akifika mjini bei yake imeshapanda ngazi mbili tatu. Sisi tulikuwa wanane, walimu watatu wa shule ya msingi na wamama watano wa likelemba, na tulitaka kitu kimoja: mboga isiyogusa udongo huu, na samaki tunayejua alikula nini.

Kazi hiyo wataalamu wanaiita akwaponiki. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Una tangi la samaki. Juu yake au kando yake una vitanda vya kokoto visivyo na udongo, ndimo mboga zinamoota. Pampu ndogo inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto, nayo yanashuka tena tangini. Samaki anapokula anatoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake, pale anapopumulia. Amonia ikijaa, samaki anakufa ndani ya uchafu wake mwenyewe. Lakini juu ya kokoto kunaishi bakteria wa aina mbili. Wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo bado ni sumu. Wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mbolea ambayo lenga-lenga inaipenda. Mboga zinakula, maji yanarudi safi, samaki anaendelea kuishi. Maji unayoongeza ni yale tu yaliyonywewa na jua na majani.

Wala si jambo la juzi. Profesa James Rakocy alilifanyia kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, huko Karibi, akifuga tilapia na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Shirika la FAO lilitoa kitabu kizima mwaka 2014 juu ya akwaponiki ndogo ya nyumbani. Huko Gaza, ambako ardhi ni haba na umeme ni wa shida, shirika hilo liliwawekea mitambo ya namna hii juu ya paa za nyumba zaidi ya mia moja zinazoongozwa na wanawake. Tulipoonyeshwa picha zake tukasema: kama wao wanaweza juu ya paa, sisi tunashindwaje tukiwa na parseli?

Na upande wa samaki, sisi watu wa Katanga hatuhitaji kuona haya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi, ambayo wakati huo iliitwa Élisabethville, kilikuwa mahali pa kujifunza kufuga tilapia kwenye mabwawa, na mwaka 1949 mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya ufugaji wa samaki ulifanyika Élisabethville. Tilapia waliofugwa walikuwa wa mito na maziwa ya pande zetu hizi. Mababu walichimba mabwawa, sisi tunatumia plastiki, basi.

Sasa tujenge.

Tulinunua tangi jipya la maji la lita 500, la plastiki nyeusi, na mapipa mawili mapya ya plastiki ya lita 200. Tunasisitiza neno hilo: mapya. Hapa mjini mapipa ya bluu na zile kontena za lita 1000 zenye kizimba cha chuma zinauzwa rahisi sana, na kila mtu anajua nyingi zimetoka wapi. Zilibeba asidi na dawa za kusafishia madini. Muuzaji atakuambia ameliosha kwa sabuni mara tatu. Plastiki inanyonya, mama. Dawa ile inatoka polepole ndani ya maji kwa miezi. Hata kwa kuhifadhia maji ya kunywa, mapipa hayo yasiingie nyumbani kwako, uwe na samaki au usiwe nao.

Kila pipa tulilipasua katikati kwa urefu, tukapata vitanda vinne vyenye kina karibu sentimita 28. Vyote pamoja vinatoa kama meta mbili za mraba za bustani. Ni ndogo, ndiyo, lakini kwenye meta hizo mbili unaweza kusonganisha mboga kuliko ardhini, kwa kuwa hazigombanii maji wala mbolea. Vitanda tuliviweka juu ya meza ya mbao iliyotengenezwa na mume wa mmoja wetu. Meza ilipinda wiki ya kwanza. Kitanda kimoja kikijaa kokoto na maji kinazidi kilo 150. Tukaondoa mbao tukajenga kwa matofali, na yule baba mpaka leo hatumkumbushi habari ya meza.

Pampu ni ile ndogo ya kuzama majini, ya wati 20 hivi, ya kuweza kupandisha maji zaidi ya meta moja. Ipitishe maji yote ya tangi mara moja kila saa. Tiyo zote ni za plastiki. Hilo nalo lina sababu yake, tutalifikia.

Kinachowatisha wengi ni kengele ya kunyonya maji, lakini kama umewahi kuona dereva akinyonya mazuti kwa tiyo toka pipa moja kwenda jingine, umeshaielewa. Katikati ya kitanda unasimamisha tiyo iliyopita kwenye tundu la chini, urefu wake sentimita 20 hivi. Juu yake unaifunika kwa tiyo pana zaidi, iliyozibwa juu na kukatwa meno chini. Nje ya hizo unazungushia tiyo ya tatu yenye matundu madogo madogo, ya kuzuia kokoto. Maji yanapanda kitandani polepole. Yakifika juu ya ile tiyo ya ndani yanaanza kuanguka, yanavuta hewa, na mara kitanda chote kinamwagika tangini kwa kishindo. Hewa ikiingia kwenye meno, mvuto unakatika, maji yanaanza kupanda tena. Hivyo mizizi inakunywa kisha inapumua. Yetu ilikataa Jumamosi nzima. Ilikuwa inavuja juu kwenye kizibo, tukaziba kwa gundi ikakubali. Ukiona inatiririka tu bila kunyonya, tafuta mahali hewa inapoingilia, au punguza au ongeza maji ya pampu kidogo.

Gharama yote ilikuwa karibu dola 220, tangi ndilo lililokula sehemu kubwa, na hapo bado hatujahesabu paneli ya jua. Ilikuwa zamu mbili za likelemba zilizounganishwa. Kumbukeni hilo mtakaposoma yanayofuata.

Kifo cha kwanza kilikuwa kosa la haraka, na sisi walimu ndio wa kulaumiwa, kwa kuwa tunafundisha habari ya bakteria darasa la sita. Tulijaza tangi maji ya robine asubuhi, mchana tukatia vifaranga 20 vya tilapia, watoto wakapiga makofi. Siku ya nne walibaki sita. Maji ya robine yana klori ya kuua vijidudu, na klori haichagui kijidudu kizuri na kibaya, inaunguza hata matamvua. Tena kokoto zilikuwa mpya, hazina bakteria hata mmoja, kwa hiyo amonia ilijaa bila wa kuigeuza.

Njia yenyewe ni hii. Jaza maji, yaache wazi siku mbili, klori ipae. Washa pampu ikizungusha maji bila samaki. Kila siku tupia kijiko kidogo cha chakula cha samaki kioze humo, kiwe cha kulisha bakteria. Ukipata ndoo ya kokoto kutoka bwawa la mtu ambalo samaki wake ni wazima, mwaga kitandani, ni kama hamira kwenye unga. Subiri wiki nne mpaka sita, na wakati wa baridi ongeza. Kisha tia samaki watatu tu. Wakikaa wiki mbili wazima, walete wenzao. Wamama wanaojua kuvumilia pombe ya munkoyo ichache hawatashindwa kuvumilia hapa.

Tulianza tena hivyo, na safari hii mambo yalikwenda vizuri mno. Mwezi wa pili tulikuwa tunakata lenga-lenga kila wiki, na majani ya matembele, na shu ya Kichina. Samaki walikuwa wanakuja juu wakisikia hatua zetu. Tukaanza kujisifu kwenye vikao, ninyi wenyewe mnakumbuka.

Mwezi wa nne wakaacha kula. Walikaa juu ya maji wakifunguafungua midomo kana kwamba hewa imekwisha, na pampu ilikuwa inafanya kazi. Miili yao ilikuwa na utelezi mwingi kuliko kawaida. Kwa siku mbili tulitoa maiti 13. Tukabadilisha nusu ya maji, wengine wakapata nafuu, wiki iliyofuata wakaanza tena. Hatukujua. Mmoja wetu alisema chakula, mwingine akasema jicho la jirani.

Aliyetufumbua macho ni mtoto. Wanafunzi wa darasa la tano walikuja kuangalia, na kijana mmoja ambaye baba yake anafanya kazi mashimoni aliinama juu ya kitanda, akafukua jiwe, akalipangusa kwenye kaptula yake. "Mwalimu," akasema, "hii ni malakite." Akatafuta jingine. Na jingine. Ndani ya dakika kumi alikuwa na lundo la mawe madogo yenye mishipa ya kijani, na anajua hata bei yake kwa kilo.

Kokoto zile tulizinunua barabarani kwa mwenye mkokoteni. Tuliona ukijani fulani tukadhani ni ukungu. Wamama, malakite ni shaba. Katika maji ya kawaida inakaa kimya. Lakini wale bakteria wetu wema, wanapogeuza amonia kuwa nitrati, wanafanya maji yawe makali kidogo kidogo, kama maziwa yanavyogeuka. Maji makali yanaila malakite jinsi ndimu inavyokula kutu, na shaba inaingia majini. Ndiyo sababu ilichukua miezi minne. Na shaba ni sumu kali mno kwa samaki, inaharibu matamvua, samaki anakosa hewa akiwa ndani ya maji yenye hewa.

Usiku ule tulikaa kwenye parseli, na mama mmoja aliyekuwa amepeleka lenga-lenga nyumbani kila wiki akauliza: "Kwa hiyo tumewalisha watoto sumu?" Hakuna aliyejibu haraka. Baadaye tulimuuliza mwenzetu anayefundisha kemia sekondari, akatutuliza kwa kiasi. Samaki anadhurika kwa shaba iliyo chini hata ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu kwenye maji ya kunywa ya mtu, yaani miligramu 2 kwa lita. Na mmea ukipata shaba nyingi, sehemu kubwa inabaki kwenye mizizi. Lakini akaongeza kwamba mawe ya Kolwezi hayaji na shaba peke yake, yanakuja na kobalti. Basi tuling'oa mboga zote, tukafukia pamoja na samaki, hata mbwa hawakupewa. Wenzetu wawili walijitoa siku hiyo. Tuliwaelewa. Zamu yao ya likelemba ilikuwa imezikwa pale.

Tuliobaki sita tuliamua kwamba kabla jiwe lolote halijaingia tena, litajaribiwa. Jaribio ni rahisi, kila mama anaweza. Vunja mawe machache kwa nyundo, utazame ndani: kijani, bluu, au weusi mzito unaong'aa, tupa. Yanayobaki tia kwenye glasi ya siki kali au maji ya ndimu. Yakitoa mapovu, usiyatumie. Yaache humo mpaka asubuhi. Maji yakigeuka rangi ya kijani-bluu, hiyo ni shaba inakusalimia. Yakibaki kama yalivyokuwa, osha mawe vizuri, tumia.

Kokoto tulizozijaribu toka sehemu tatu za mjini zote zilitupa wasiwasi. Mwishowe tukaachana na mawe kabisa, tukachukua matofali ya kuchoma yaliyovunjika, ya udongo wa kichuguu, yaliyochomwa mbali na migodi. Nayo tuliyaweka kwenye siki, yakatulia. Tukayaponda mpaka yawe ya ukubwa wa karanga hadi kidole gumba, tukayapepeta na kuyaosha mpaka maji yakatoka meupe. Ni mepesi kuliko kokoto, na yana vitundu vingi, bakteria wanapenda kulala humo. Kokoto nzuri inanunuliwa, matofali mabovu unapewa bure na mwenye tanuri anakushukuru kwa kumsafishia.

Hapo ndipo sababu ya tiyo za plastiki. Usiweke robine ya chuma cha njano, usiweke waya wa shaba wa kufungia kitu chochote kinachogusa maji. Katika mji huu waya wa shaba ndio kamba ya kwanza mkono unayoikuta, kwa hiyo waonye na watoto. Na kwa maji yenyewe: ya mvua ni mazuri ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha ukakinga. Ya kisima kilicho karibu na mashimo, hapana.

Sasa ukali wa maji tunaupima kila Jumatatu kwa karatasi za rangi, zile za maabara ya shule. Tunataka ukae kati ya 6.5 na 7. Ukishuka, tunaning'iniza tangini mfuko wa kitambaa wenye maganda ya mayai yaliyosagwa, unapanda wenyewe polepole. Tangu tuanze na matofali ni miezi kumi na moja, na tumepoteza samaki wawili tu, mmoja kwa kurukia nje.

Kuhusu umeme, hakuna haja ya kuwaeleza ninyi delestaji ni nini. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yapo mlangoni petu, na bado tunawasha mishumaa. Samaki 20 wadogo kwenye tangi la lita 500 wanaweza kustahimili saa chache bila pampu, lakini wakishakuwa wakubwa saa hizo zinapungua, na usiku wa joto zaidi. Tulipokuwa hatuna paneli, tulikuwa tunachota maji kwa kopo na kuyamwaga toka juu, yachukue hewa, dakika kumi kila nusu saa, kwa zamu. Ni kazi ya kulaani. Baadaye tulinunua paneli ya mitumba na betri, na pampu ya pili ya hewa, ndogo. Asiye na uwezo huo afuge kambare, yaani kabambale. Huyo anaweza kuvuta hewa ya juu mwenyewe, umeme ukikatika hana habari. Ila usimchanganye na samaki wadogo, atawamaliza, na funika tangi kwa wavu, anatembea.

Tukisema kufunika: tangi lolote lenye maji ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Letu lina kifuniko chenye kufuli na ufunguo unakaa kwa mtu mzima. Hili lisifanyiwe mzaha.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilitushangaza. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1400, na usiku wa kiangazi maji yanapoa sana. Tilapia akipoa anaacha kula, na chakula usichokiondoa kinaoza. Tulizungushia tangi magunia na plastiki, tukalipaka nje rangi nyeusi upande wa jua, na tukapunguza chakula mpaka kidogo sana saa ya mchana. Hawakukua miezi hiyo, lakini hawakufa.

Chakula tunawapa mara mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza ndani ya nusu saa, kinachobaki tunakiopoa. Wakiwa wakubwa wote ishirini wanakula kama gramu 80 mpaka 100 kwa siku, na hicho kinatosha mboga za meta zetu mbili. Ukizidisha chakula ukitaka wanenepe haraka, utarudi kwenye kifo cha kwanza. Chakula cha duka ni ghali. Tunakipunguza kwa majani ya moringa yaliyokaushwa na mchwa wa kumbikumbi msimu ukifika, ingawa watoto wanaona ni dhambi kuwapa samaki kumbikumbi.

Dawa ya wadudu usipulize kamwe, hata ile ya majani ya tumbaku, inaua samaki upesi. Vidukari tunaviosha kwa mkono na maji. Na mboga zikivunwa bado zioshwe, mara mbili, maana tumekwepa udongo lakini vumbi la malori linatua juu ya jani lolote, la bustani au la akwaponiki.

Faida? Tusidanganyane. Samaki ishirini kwa miezi minane au tisa hawamtajirishi mtu, na mahindi ya bukari bado unanunua. Kinachoonekana kila wiki ni mboga: mafungu sita mpaka nane ya majani, familia sita zinagawana. Samaki ni wa Jumapili na wa mgonjwa. Mmoja wa wale wawili waliojitoa alirudi mwezi uliopita, akaleta siki yake mwenyewe.

Mama wa Dilala na wengine kumi waliojiandikisha wanataka kuanza kabla ya mvua. Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunaponda matofali kwenye parseli ya mama mweka hazina. Kila mtu aje na nyundo, kitambaa cha kufunga puani, na chupa ya siki. Watoto wa darasa la tano watakuwepo kukagua mawe.